Ndugu wa Kuchanjiana na Hati ya Mkataba: Sheria Mbili kwenye Ufuko wa Kusini wa Ziwa Viktoria, 1875–1895

Mwaka 1864 W. A. P. Martin, mmisionari wa Kimarekani aliyekaa Beijing, alitoa tafsiri ya Kichina ya kitabu cha Henry Wheaton juu ya sheria ya mataifa. Wakuu wa China waliokisoma walikuwa wamelelewa katika mafundisho ya Confucius, ambayo hupanga mahusiano ya watu, na hata ya falme, kwa mfano wa jamaa: baba na mwana, kaka na mdogo wake, mfalme na mtumishi wake, kila mmoja na adabu yake na wajibu wake. Kitabu cha Wheaton kilisema jambo jingine. Humo mataifa ni kama watu wasio na undugu, wasio na mkubwa wala mdogo, nao hufungwa hasa na yale waliyoyakubali. Mwaka ule ule manowari ya Prussia iliteka merikebu za Denmark katika maji ya China. Wakuu wa Beijing wakatumia hoja zilizomo kitabuni, na Prussia ikaziachilia merikebu zile. Sheria ya kigeni ilikuwa imesomwa, ikaeleweka, na ikamrudia mwenyewe.

Kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria hapakuwa na aliyemfasiri Wheaton, si kwa Kiswahili, si kwa Kisukuma, wala kwa Kikerewe. Hata hivyo huko nako, katika muda wa miaka ishirini tu, sheria mbili zilikutana: moja iliyokuwa kinywani na mwilini mwa watu, na nyingine iliyokuwa katika karatasi. Imezoeleka kusema kwamba watawala wa ziwa walishindwa kwa kuwa hawakuwa na sheria ya kuamua mambo baina ya nchi na nchi, au kwa kuwa hawakuielewa ile ya Ulaya. Kauli hiyo haitoshi. Walikuwa na sheria yao, na ilitofautiana na ya Wazungu katika jambo moja kubwa: ahadi humfunga nani, na je, yaweza kuhamishwa ikapewa mtu mwingine?

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, maana Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya mashauri mengi kando ya ziwa tangu misafara ya pwani ilipofika. Kiswahili kina maneno kadha wa kadha ya jambo hili. Mapatano ni tendo la kupatana, na maagano ni tendo la kuagana. Kuchanjiana, yaani kuchanja mwili na kubadilishana damu ili kuwa ndugu, hubeba mwishoni mwake ile alama ya kutendana, -ana, na mtu mmoja peke yake hawezi kulitimiza. Lakini mkataba hutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, mzizi ule ule uliotupa kitabu, katibu na maktaba. Mapatano huishi baina ya watu wawili. Mkataba ni kitu. Waweza kukunjwa, ukatiwa sandukuni, ukachukuliwa ng'ambo ya bahari, ukasomwa mbele ya watu wasiowahi kumwona aliyetia alama yake chini. Tofauti ya maneno haya ndiyo tofauti ya sheria zenyewe.

Habari za kuchanjiana zimeandikwa na wasafiri wengi, na iliyo mashuhuri ni ile ya mwezi wa Aprili 1876, Mirambo mtawala wa Wanyamwezi alipofanya undugu na Henry Stanley. Aliyeongoza tendo lile hakuwa Mzungu wala Mnyamwezi. Alikuwa Manwa Sera, mngwana na nahodha wa msafara. Yeye ndiye aliyewachanja, akaichanganya damu yao, na kutamka kwa sauti laana zitakazomwangukia atakayeuvunja undugu. Katika tendo hilo mna mambo matatu yampasayo mwanachuoni kuyashika. Kwanza, palikuwa na shahidi, naye alinena mbele ya watu. Pili, ahadi ilikuwa na adhabu yake, ingawa mwenye kuadhibu hakuwa askari wala hakimu. Tatu, wajibu ulikuwa wa pande zote mbili: njia, chakula, hifadhi na msaada. Undugu huo uliweza kuwaenea watoto na jamaa, kama undugu wowote uenezavyo haki zake. Lakini haukuweza kukabidhiwa mgeni wa tatu, kwa kuwa damu ya mtu haimo mkononi mwa mwingine kuiuza.

Wala si kweli kwamba watu wa ziwa walijifungia wasijue barua na ujumbe wa nchi za mbali. Kabaka Mutesa wa Buganda alikijua Kiswahili, na herufi za Kiarabu alizifahamu. Mwaka 1875 Stanley alimwachia kijana Dallington Muftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Universities' Mission huko Unguja, naye akawa msomaji na mwandishi wa barua za mfalme kwa Wazungu. Mwaka 1879 Mutesa alituma wajumbe watatu, Namkaddi, Kataruba na Sawaddu, pamoja na wamisionari wa Church Missionary Society waliorudi Ulaya kwa njia ya mto Nile. Mwaka 1880 wajumbe hao walipokewa na Malkia Victoria huko London. Walirejea kwa njia ya Unguja na ya ufuko wa kusini wa ziwa. Hivyo wajumbe wa mfalme mmoja walikwenda hata mbele ya kiti cha mwingine na kurudi salama, na jambo hilo kila sheria ya mataifa hulihesabu kuwa msingi wake.

Mgongano wa kwanza ulio mkubwa ulitokea Ukerewe, kisiwa kilicho kaskazini ya Mwanza. Mtawala wake alikuwa Omukama Lukonge. Mwaka 1875 Stanley, aliyekuwa ameweka kambi yake Kageye, si mbali na Mwanza, alimwendea kuomba mitumbwi, akaipata. Wakati huo alikuwako pia mfanya biashara wa pwani aitwaye Songoro, aliyekuwa akijenga jahazi. Wamisionari wa Church Missionary Society walipofika Kageye mwaka 1877, mmoja wao, Thomas O'Neill, alilinunua jahazi lile. Lukonge akasema Songoro bado ana deni kwake, na shauri likawa refu. Mwezi wa Desemba 1877 Songoro aliwakimbilia wamisionari. Lukonge akataka atolewe. George Shergold Smith, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la bahari la Kiingereza, akakataa kumtoa. Watu wa Lukonge wakawashambulia. Smith, O'Neill na Songoro wakauawa pamoja na wengi wa watu wao.

Habari hii imeandikwa karibu yote na upande mmoja, nayo imesomwa Ulaya kama kisa cha wafia dini walioangukia katika ukatili. Lakini ikitazamwa kwa jicho la sheria, hapo pana swali ambalo wanasheria wa Ulaya wenyewe walikuwa wakiligombania: je, mgeni aliyeko katika nchi ya mfalme aweza kumhifadhi mtu anayedaiwa na mfalme huyo? Ulaya ilijua hifadhi ya balozi, lakini Smith hakuwa balozi wa dola lolote, wala kambi yake haikuwa nchi ya Uingereza. Kwa Lukonge jambo lilikuwa wazi. Kila aingiaye Ukerewe hukaa chini ya mkono wa Omukama: hulishwa naye, hulindwa naye, na hujibu mbele yake. Mgeni amfichaye mdaiwa wa mwenyeji huuacha ugeni wake na kuingia katika ugomvi. Kwamba Lukonge alipitisha kiasi kwa kumwaga damu ya wengi, hilo yaweza kusemwa. Kwamba hakuwa na sheria, haiwezekani kusemwa.

Yaliyofuata huithibitisha kauli hiyo. Hakuna jeshi lililotumwa kuja kulipiza kisasi. Mwaka 1878 Alexander Mackay alivuka kwenda Ukerewe kuonana na Lukonge. Omukama akamweleza kwamba ugomvi wake ulikuwa na Songoro. Mackay alipokewa, akasikilizwa, akarudi salama. Mauti yalikuwa yametokea, lakini mlango wa mazungumzo haukufungwa, kwa kuwa wote wawili waliyatenda mashauri yao uso kwa uso, kila mmoja akiwa mwenye neno lake.

Miaka kumi baadaye ufuko wa kusini ulionyesha tena sheria yake ya hifadhi, safari hii kwa namna ya amani. Mwezi wa Septemba 1888 Kabaka Mwanga aliondolewa katika kiti chake. Alikimbia kwa mtumbwi kuelekea kusini, akafika kwanza Magu kwa wafanya biashara Waarabu, kisha akaenda Bukumbi, karibu na Mwanza, ambako Mapadre Weupe walikuwa na misheni tangu 1883. Mfalme wa taifa kubwa akawa mkimbizi katika nchi ya watemi wa Usukuma, na alikaa huko pasipo kuuawa wala kuuzwa kwa adui zake. Wasukuma humwita mtawala wao ntemi, na wazee huliunganisha jina hilo na kitendo cha kutema, yaani kukata: ndiye aliyekata msitu wa kwanza, au ndiye akataye shauri. Penye nchi iliyokatwa shauri na mwenyewe, mgeni huweza kupumzika.

Aliyemrudisha Mwanga kaskazini mwaka 1889 alikuwa Charles Stokes, Mwairishi aliyekuja kwanza kama mmisionari kisha akawa mfanya biashara wa misafara. Stokes alioa katika jamaa ya watawala wa Usongo katika Unyamwezi, na jina lake lilikuwa njia iliyo wazi kutoka Tabora hata ziwani. Katika macho ya watu wa bara alikuwa jamaa, shemeji, mtu wa nyumbani. Lakini mwaka 1890 aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akawasaidia kupata mapatano na watawala wa sehemu zilizo kusini ya ziwa. Hapo ndipo fundo la jambo lilipo. Mtawala aliyepatana na Stokes alipatana na Stokes: na mtu aliyemjua, aliyekula chakula chake. Karatasi iliyotokana na mapatano hayo haikukaa kwa Stokes. Ikawa mali ya dola ambayo mtawala yule hakuwahi kuiona. Sheria ya Ulaya iliona kuhama huko kuwa jambo la kawaida. Katika sheria ya ziwa hakukuwa na neno la kukuita.

Na zaidi ya hayo, hata karatasi hizo hazikuwa ndizo zilizoamua. Mkutano wa Berlin, uliokwisha tarehe 26 Februari 1885, uliandika katika vifungu vyake vya 34 na 35 masharti ya kutangaza na kushika nchi za pwani za Afrika. Sultani Barghash wa Unguja, ambaye alijua vizuri lugha ya mikataba, alimpelekea mfalme wa Ujerumani malalamiko yake mwaka huo huo juu ya hati alizozikusanya Carl Peters huko Usagara. Jawabu likawa manowari za Kijerumani mbele ya Unguja mwezi wa Agosti. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikapatana juu ya mstari utokao mdomo wa mto Umba hata ufuko wa mashariki wa ziwa, kwenye digrii moja kusini ya ikweta. Mapema mwaka 1890 Peters alifika Buganda akapata mkataba na Mwanga. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo, kwa mkataba ujulikanao kwa jina la kisiwa cha Heligoland, serikali mbili za Ulaya ziliuendeleza ule mstari ukapita juu ya maji ya ziwa kwenda magharibi hata mpaka wa Dola Huru ya Kongo. Hati ya Peters na Mwanga ikawa haina kazi tena. Kabaka alikuwa ametoa neno lake, na neno hilo likafutwa na watu wengine waliokuwa mbali, naye hakuulizwa alipolitoa wala lilipofutwa.

Huenda ikasemwa kwamba mkataba wa Heligoland haukumhusu Mwanga, kwa kuwa sheria ya Ulaya husema mkataba huwafunga walioutia sahihi tu. Na kweli ndivyo sheria hiyo isemavyo. Basi kosa halikuwa kwamba watu wa ziwa walikuwa na sheria ndogo na Wazungu sheria kubwa. Kosa lilikuwa kwamba kanuni ile ile, ambayo wenyeji wa ziwa wangeikubali bila kufundishwa, iliwekwa kando mara tu upande mmoja ulipokuwa Mwafrika. Mtawala wa ziwa alihesabiwa kuwa mfalme alipotakiwa kutia alama yake, kwa kuwa bila ufalme wake hati ingekuwa bure. Siku ya pili, alipotaka kudai haki ya mfalme, alihesabiwa kuwa raia.

Mwaka 1895 ulionyesha mizani hiyo kwa watu wawili ambao majina yao yamekwisha tajwa. Mwezi wa Januari Stokes, aliyekuwa katika biashara huko Kongo ya mashariki, alikamatwa na watumishi wa Dola Huru ya Kongo kwa shutuma ya kuwauzia silaha adui zao. Kapteni Lothaire alimhukumu bila mtetezi na bila rufani, akamnyonga. Ulaya ikachafuka. Uingereza ilidai kwa kuwa Stokes alikuwa raia wake, Ujerumani ilidai kwa kuwa alikuwa akitoka katika nchi zake, na Dola Huru ikalipa faranga 150,000 kwa ya kwanza na faranga 100,000 kwa ya pili. Lothaire alishtakiwa, ingawa aliachiliwa huko Boma na tena huko Brussels. Mwaka huo huo Wajerumani walimwondoa Lukonge katika kiti cha Ukerewe baada ya misheni ya kisiwani kushambuliwa, wakamweka Mukaka mahali pake. Hakuna serikali iliyodai kwa ajili ya Lukonge, hakuna mahakama iliyokaa kuuliza kama kuondolewa kwake kulikuwa halali, na hakuna aliyehesabu faranga. Mfanya biashara mmoja asiye na nchi nyuma yake ila jina la uraia alikuwa na madola mawili ya kumtetea. Mtawala mwenye nchi na watu hakuwa na hata moja.

Habari hii ingekuwa ya kale tu kama swali lake lisingerudi. Lilirudi tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya Tanganyika kupata uhuru, Julius Nyerere aliposema Bungeni kwamba nchi mpya haiwezi kuchukuliwa kuwa imeirithi mikataba yote ambayo Uingereza iliifanya kwa niaba yake. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kwa muda wa miaka miwili, ichunguzwe. Baada ya hapo ile isiyokubaliwa ingekoma, isipokuwa ile ambayo kwa sheria ya mataifa yenyewe ingedumu. Mwezi wa Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliwaandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mapatano ya mwaka 1929 juu ya maji ya Nile, yaliyofanywa baina ya Uingereza na Misri, hayaifungi Tanganyika. Mapatano hayo yaligusa Ziwa Viktoria lenyewe, kwa kuwa yalitaka kibali cha Misri kabla ya kazi yoyote ambayo ingepunguza maji yaendayo kaskazini.

Haipasi kusema kwamba Nyerere alichota hoja hiyo katika undugu wa kuchanjiana. Aliijenga kwa lugha ya wanasheria, na wanasheria wa dunia wakaijadili kwa lugha hiyo hiyo. Lakini swali lililomo ni lile lile la Lukonge na la watawala waliopatana na Stokes: je, neno alilolitoa mwingine laweza kunifunga mimi nisiyekuwapo? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilianza kujenga mradi wa kuvuta maji ya ziwa kutoka Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, kusini ya mji wa Mwanza, yafike Kahama na Shinyanga, na jawabu la 1962 likawa maji katika nyumba za watu. Tarehe 14 Mei 2010, huko Entebbe, nchi za ziwa zilianza kutia sahihi mkataba wao wenyewe juu ya maji ya Nile, ambao ulipata nguvu ya sheria tarehe 13 Oktoba 2024.

Mpaka wa 1890 ulipata mwisho mwingine. Mstari wa digrii moja haukufutwa, na hata leo hupita juu ya maji baina ya Tanzania na Uganda. Mwezi wa Julai 1964, huko Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliahidiana kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Nyerere alikuwa mmoja wa walioitaka sana ahadi hiyo. Wengine wameona hapo kinyume cha tamko lake la 1961. Sivyo. Katika mambo yote mawili kanuni ni moja. Mapatano ya maji yalikataliwa kwa kuwa yalitolewa na mtu mwingine. Mstari ulikubaliwa kwa kuwa safari hii wenye nchi waliokaa pande zake mbili waliahidiana wenyewe, uso kwa uso, mbele ya mashahidi. Mstari ni ule ule uliochorwa na watu wasiouona ufuko wa Mwanza, lakini agano linaloushika si lile lao.